Timu ya Mtaa ni ya Nani?

Ijumaa iliyopita, baada ya sala ya Isha, niliitwa katika ua wa chuo kimoja mtaani kwetu, Mji wa Kale, Mombasa. Mlangoni nilimkuta nahodha wa timu ya mtaa, kijana wa miaka ishirini na kitu, ameishika karatasi kwa mikono miwili kama mtu aliyeitwa kortini. "Ami," akaniambia, "wazee wamesema wewe ndiwe mwandishi, hii utatujazia wewe."

Karatasi yenyewe ilikuwa ya matayarisho ya kuiandikisha klabu. Tangu ipitishwe Sheria ya Michezo ya mwaka 2013, klabu ya Kenya inayotaka kutambuliwa sharti iandikishwe kwa Msajili wa Michezo. Timu yetu imeishi umri wake wote bila ya karatasi, kama zilivyoishi nyumba nyingi za mji huu bila ya hati. Sasa vijana wanataka kucheza ligi za mbele, na huko haingii mtu asiyejulikana. Wameandika maswali matatu: jina, mwaka wa kuanzishwa, na wenyewe ni kina nani. Nikadhani kahawa haitawahi kupoa tutakuwa tumekwisha. Tulitoka pale saa sita kasorobo za usiku, na hata swali moja halikupata jawabu la mapatano.

Jina la timu silitaji hapa, kwa kuwa mambo yenyewe hayajesha, na wenyewe wanajuana.

Tulianza na mwaka, kwa kuwa ndio ulioonekana mwepesi. Mzee mmoja, aliyekuwa fundi wa majahazi, akasema timu ilianzishwa mwaka wa Uhuru, na kwamba yeye mwenyewe alikuwapo. Wa pili, aliyestaafu ukarani bandarini, akacheka. Akasema Uhuru haukuhusika na lolote. Timu ilizaliwa usiku wa Miraji, watu wametoka msikitini, wakakaa barazani wakaandikana. Hapo akaingia wa tatu, mtu wa miaka sitini na zaidi, akaapa kwamba babake alimwambia ni 1965, mwaka ule Feisal walipochukua ubingwa.

Huyu wa tatu na mimi tuna kisa chetu. Miaka arubaini na kitu iliyopita ndiye aliyekuwa mlinda lango wetu, nami nilikuwa kijana wa shule ninayejifunza kupanga mizani. Tukafungwa mabao manne na mtaa wa jirani, na mimi, kwa utoto, nikatunga ubeti nikaubandika mlangoni pa mkahawa:

Tulikwenda na fahari, mitaa yatutazama,
Kipa wetu ni hodari, siku hiyo alihama,
Bao tatu si habari, la nne ndilo lauma,
Twarudi tumeinama, njiani hatuna neno.

Alinikatia salamu tangu mfungo sita hadi Ramadhani. Kwa hiyo Ijumaa ile, aliposema 1965, mimi sikuthubutu kumpinga.

Lakini neno lake la Feisal halikuwa la kupuuzwa. Vijana wa leo hawajui, na si makosa yao, kwamba ligi ya taifa ilipoanza 1963 ubingwa ulikwenda Nakuru, mwaka wa pili ukachukuliwa na Luo Union, na wa tatu, 1965, ukashuka Mombasa mikononi mwa Feisal. Haukushuka tena. Bandari walikaribia, wakamaliza wa pili mara mbili mfululizo, 2018 na msimu uliofuata, na 2019 wakatwaa ile Ngao na kwenda kucheza mashindano ya Afrika. Ila kombe la ligi lenyewe, mpaka leo tunalihadithia kama watu wahadithiavyo harusi ya babu yao. Walio na umri wa mzee wangu yule, mwaka wao wote ni 1965, na kila jambo jema lililotokea utotoni huliegemeza hapo.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa bibi mmoja, mjane wa katibu wa kwanza wa timu. Sikwenda kwa akili yangu. Mke wangu ndiye aliyeniambia. Bibi akanikaribisha, akaniuliza hali za nyumbani, kisha akasema: "Mwanangu, usiku mzima mwapiga kelele pale uani mpaka nikashindwa kulala. Hapana hata mmoja aliyekuja kuniuliza mimi."

Nikamwomba radhi. Akafungua kasha lake, akatoa daftari la shule lenye jalada lililoliwa na mende, limefungwa kwa kitambaa. Ndani yake Kiswahili kitupu, lakini kimeandikwa kwa hati za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu barua zao na hesabu zao. Nahodha nilikuwa nimekwenda naye. Akalitazama, akalirudisha kwangu. Kijana amehitimu kidato cha nne, anasoma Qurani vizuri, na daftari la timu yake mwenyewe hawezi kulisoma, kwa kuwa hapana aliyemfundisha kwamba hati zile zile alizosomea Juzuu Amma zaweza kuandika "deni la mpira mmoja". Hili ni jambo la kuandikiwa makala yake peke yake, na inshallah nitaliandika.

Ukurasa wa kwanza wasema: Rajab 1383, usiku wa Miraji, ada ya kwanza, thumuni kwa kila mtu. Nikapiga hesabu, nikamwomba na mwalimu mmoja anihakikishie. Rajab ya 1383 ilianza katikati ya Novemba 1963 ikesha katikati ya Desemba. Uhuru tuliupata tarehe 12 Desemba, siku ya Alhamisi. Usiku wa Miraji ulikuwa ndani ya juma lile lile. Basi fundi wa majahazi na karani wa bandarini, waliokaribia kushikana kanzu Ijumaa ile, wote wawili wamesema kweli. Mmoja alikumbuka bendera, mwengine akakumbuka msikiti.

Na yule wa 1965 naye hakukosa sana. Kurasa za mwaka huo ndipo panapotajwa mara ya kwanza kununuliwa viatu vya mpira, jozi sita. Sita kwa wachezaji kumi na mmoja! Bibi alinieleza kwamba waliokuwa wakivaa ni walinzi na wa kati. Wa mbele walicheza miguu mitupu kwa hiari yao, wakisema viatu vyawazuia kuusikia mpira. Fulana zilikuwa nyeupe za dukani, yeye ndiye aliyezitia rangi ya kijani, akazichemsha katika sufuria ya pilau. Mwezi mzima, asema, wali wa nyumba ile ulitoka na rangi ya ukombozi.

Nimeikalia sana tarehe hiyo ya 1963. Juma lile halikuwa jepesi kwa mji wetu. Miezi miwili tu nyuma, Oktoba, ulikuwa umetiwa sahihi mkataba wa kuutoa ukanda wa pwani katika himaya ya Sultani wa Zanzibar na kuuingiza Kenya. Wako waliofurahi na kucheza ngoma, na wako waliokuwa wangali na uchungu wa Mwambao, wakinong'ona mabarazani. Ndugu wa tumbo moja walikuwa hawasemezani kwa siasa. Katika juma kama hilo, vijana wa mtaa mmoja wakakaa barazani wakachangishana thumuni za kununulia mpira. Majina niliyoyahesabu ni 37. Kwa nisba zao naona Wamiji, watoto wa Kihadhrami, Wabajuni, Mngazija, Mbaluchi wa Makadara. Pana Mdigo mmoja na Mgiriama mmoja, ambao bibi awakumbuka kuwa walikuwa wafanyakazi wa dukani na wakilala humo humo. Pana na Mgoa, jina lake la Kireno limeandikwa kwa hati za Kiarabu kwa taabu kubwa, limefutwa mara mbili. Huyo alikuwa winga wa kushoto, na ada yake haikupungua hata mwezi mmoja.

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Katika mkutano ule palitolewa neno ambalo halikunipendeza. Mtu mmoja mwenye heshima zake alisimama akasema kwamba timu si yetu tena. Kwamba wachezaji nusu watoka Likoni na Kisauni, wengine hata si Waislamu, na basi wenyewe waandikwe wale tu ambao wazee wao walizaliwa mtaani. Watu wakaguna, na wengine wakakubali kwa vichwa. Lau daftari lingekuwapo usiku ule, ningalimsomea yale majina. Tena huyo msemaji mwenyewe, nyumba ya babake imeuzwa, naye aishi Nyali. Simlaumu kwa kuhama. Nusu ya mtaa imehama, kwa kuwa nyumba ya urithi yenye warithi kumi na wanne haigawiki ila kwa kuuzwa. Lakini akiwa yeye aja kwa gari kutoka Nyali na bado ni mtu wa mtaa, na kijana avukaye feri kutoka Likoni kila alasiri, akafanya mazoezi Serani, akala mahamri ya mtaani kwetu na kurudi usiku, huyu atakuwa mgeni kwa hoja gani?

Tusijidanganye pia kwamba mitaa ya pwani ilianza kushindana kwa mpira. Kabla ya mpira palikuwa na beni, na Mombasa iligawanyika baina ya Kingi na Skochi, watu wakishindana kwa tarumbeta, mavazi na vyakula mpaka wengine wakafilisika. Wanawake nao walikuwa na lelemama zao, Ibinaal Watan na Banu Saad, na waulizeni bibi zenu kama mashindano yale yalikuwa mchezo. Vyama vile havikuwa vya ukoo mmoja. Mtu aliingia kwa ada, kwa kazi na kwa kushika maneno ya wenziwe. Timu za mpira zilirithi desturi ile ile: viongozi wenye vyeo, rangi yao, maskani yao, na ulimi mkali kwa mtaa wa pili. Zanzibar mpaka leo pana timu zinazoitwa kwa majina ya mitaa yao, Malindi na Mlandege, na hapana anayeuliza pasipoti ya mchezaji kabla ya kumshangilia.

Sasa nije kwenye jina, ambako ndiko kwenye moto.

Amejitokeza tajiri anayetaka kuifadhili timu. Atatoa jezi mbili kwa kila mchezaji, viatu, mipira, nauli za safari na posho. Sharti lake ni moja: timu iitwe kwa jina la biashara yake. Na biashara yake, bila ya kuizungusha, ni ya watu kubahatisha matokeo kwa simu.

Wazee waliposikia kubadilisha jina walipiga kelele kwamba jina ni damu, halibadiliki. Mimi sikubaliani nao katika hilo. Vilabu vikubwa vimebadilisha majina na vingali hai. Simba ya Dar es Salaam ilikuwa ikiitwa Sunderland mpaka 1971, aliposhauri Sheikh Abeid Amani Karume kwamba jina la kigeni liachwe. Hapa hapa Mombasa tulikuwa na Liverpool yetu, ikaja ikawa Mwenge, na waliokuwa wakiishangilia hawakuacha. Ilipoamriwa 1980 kwamba majina ya makabila yaondoke katika vilabu, Abaluhya wakawa AFC Leopards, na kwa werevu wao zile herufi tatu za mwanzo wakabaki nazo. Hayo yote yalikuwa mabadiliko, mengine kwa hiari na mengine kwa amri. Lakini hapana katika hao aliyechukua jina la duka. Walitoka jina wakaingia jina. Ambalo sisi twaambiwa tulifanye ni kulikodisha, kwa mkataba wa miaka miwili, na baada ya miaka miwili tajiri akiondoka, tutaitwa nani?

Hilo la kuondoka si dhana yangu. Ligi Kuu ya nchi hii imepata kuitwa kwa jina la bia, Tusker, kisha ikaitwa SportPesa, kisha BetKing. SportPesa walipokata ufadhili 2019, vilabu vikubwa vya Nairobi vilibaki vikipiga mbiu ya kuomba nauli. Hata ile Ngao waliyoitwaa Bandari mwaka huo ilikuwa na jina la kamari mbele yake, na wengi wetu tuliosali na kufunga tulilitamka kwa furaha bila ya kulifikiri. Mimi ni mmoja wao.

Kwa Mwislamu pana jambo la pili, zito kuliko la jina. Sura ya al-Maida, aya ya 90, imeitia kamari fungu moja na ulevi, ikatuamuru tujiepushe navyo. Hapo sioni nafasi ya fatwa ya kuzunguka. Mtoto wa chuo atakayetoka darasani alasiri akavaa jezi yenye tangazo la kamari kifuani, na mwalimu wake amekaa jukwaani akimpigia makofi, atashika lipi?

Lakini nahodha naye alisema, na kwa haki ya uandishi nayaweka maneno yake. Alisimama kwa adabu, akasema: "Wazee wangu, mimi nawaheshimu. Jina halinunui viatu. Mwaka jana mwenzetu alivunjika mguu, tulimpeleka hospitali kwa tuk-tuk, na mchango wa mtaa mzima haukufika bili ya siku ya kwanza. Wale wenzetu watatu waliotoka timuni wakaingia kwenye unga, wawili tumewazika. Hao hatukuwafia jina, tulikosa pa kuwaweka. Mkilikataa fungu hili, tuambieni mwatupa lipi."

Ua mzima ulinyamaza. Na hapo, mimi nasema, ndipo palipokuwa na aibu yetu. Tuliokataa tulikuwa zaidi ya arubaini. Nikawatazama mmoja mmoja: wafanyabiashara, watu wa meli, mawakili wawili, na huyu mwandishi wenu. Wa mwisho aliyetoa hata senti kwa timu ile alitoa lini? Tena baina ya waliopiga kelele za haramu niliwaona wawili ambao usiku wa mechi za Ulaya huwa kona ya baraza, simu zimefunikwa kwa kikoi, wakingoja matokeo ya mkeka wao. Wanajijua, na nawaomba wasome hapa bila ya kukasirika.

Kwa hivyo rai yangu, niliyoitoa pale na ninayoikariri, ni hii. Fedha ya kamari tuikatae, na tumkatalie mwenyewe kwa maneno mazuri, kwa kuwa alikuja mlangoni. Akija mwengine mwenye biashara ya halali, wa unga wa ngano, wa mabati, wa samaki, tumpe kifua cha jezi aandike atakalo, jina lisiguswe. Na kwa kuwa maneno matupu hayavai viatu, ada irudi. Mwaka 1963 kibarua wa dukani alitoa thumuni kila mwezi na ikaandikwa. Leo shilingi 100 kwa mwezi kwa kila nyumba yenye mtu anayejiita wa mtaa, aliyeko Mji wa Kale, aliyehamia Nyali na aliyeko Muscat, haitamfukarisha mtu. Nyumba 300 zikitoa, ni shilingi 30,000 kwa mwezi, na mwenye kuvunjika mguu hatapandishwa tuk-tuk. Atakayetoa ataandikwa, na aliyeandikwa ndiye mwenyewe. Swali la tatu la ile karatasi nimelijibu hivyo, wala sikuongeza la babu.

Yule mtu wa Nyali alininunia. Nahodha hakusema ndiyo wala siyo. Alisema atangoja aone ada ya mwezi wa kwanza, na kwamba tajiri amempa hadi mwisho wa mwezi ujao kumjibu. Nampa haki. Angekubali upesi ningalimwona mtoto.

Juzi jioni nilimpelekea bibi daftari lake. Mlinda lango wetu wa zamani alikuwa ametangulia, amekaa barazani, ameomba aonyeshwe ukurasa wa 1965. Nikamsomea jina la babake: mlinzi wa kulia, jozi ya nne ya viatu, alipe kwa mafungu matatu. Bibi akasema fungu la tatu halikulipwa. Bwana akatia mkono mfukoni papo hapo.

Katika daftari hilo hamna kitu baina ya 1971 na 1978. Mwenye picha, barua, risiti au kumbukumbu ya miaka hiyo, hata ikiwa ni ya kufungwa kwetu, na anitafute msikitini baada ya Alasiri. Karatasi ya vijana ingali kwangu, na mahali pa mwaka wa kuanzishwa nimeandika: Rajab 1383, Desemba 1963.